Kusafisha Matundu ya Bolti Katika Bloki ya Injini

Somo kwa wakulima wenye pampu za maji na mashini za kusaga

Wakulima wengi wa upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, hutumia injini katika kazi zao. Wako wenye pampu za dizeli za kuvuta maji kisimani, wako wenye mashini za kusaga unga, na wako wenye matrekta madogo. Injini hizi zikitunzwa vizuri hufanya kazi miaka mingi. Lakini zikitengenezwa ovyo, hata kosa dogo laweza kumtia mwenyewe hasara kubwa.

Leo twataka kueleza juu ya kosa moja ambalo wengi hawalioni, kwa kuwa limefichwa ndani ya tundu. Nalo ni kurudisha bolti za hedi katika matundu machafu.

MFANO WA HASARA

Tuseme yuko mama mmoja huko Mwakirunge, naye analima mchicha, bamia na biringani. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, mvua ni haba, na shamba lake lategemea pampu. Siku moja gasketi ya hedi inaungua, na maji yanaanza kuingia katika mafuta ya injini. Analeta fundi kijana, hedi inafunguliwa, gasketi mpya inanunuliwa.

Yule mama anatazama bloki, anaona matundu ya bolti yamejaa mafuta meusi na matope. Anauliza, "Mwanangu, mbona warudisha hedi na matundu yamejaa hivi?"

Fundi anajibu, "Hayo hayadhuru, mama. Mafuta hulainisha bolti tu."

Bolti ya kwanza inakazwa, na ya pili, na ya tatu. Ya nne inapokazwa kwa nguvu, unasikika mlio mdogo, "ta!" Bloki imepasuka kando ya tundu. Sasa si habari ya gasketi tena. Ni habari ya bloki nzima, na mboga zakauka shambani.

Je, mafuta kidogo yaliwezaje kupasua chuma kinene? Ndilo jambo la kwanza tutakaloeleza.

KWA NINI MAFUTA HUPASUA BLOKI

Matundu mengi ya bolti za hedi yamefungwa chini, kama kisima. Bolti ikiingia husukuma chini kila kilichomo. Hewa hubanwa na kutoka, lakini mafuta na maji hayabanwi kama hewa. Mtaalamu wa Kifaransa, Blaise Pascal, alieleza katika karne ya 17 kwamba kimiminiko kilichofungwa kikisukumwa, msukumo ule huenea pande zote. Basi bolti ikisukuma mafuta chini, mafuta nayo husukuma kuta za tundu kila upande.

Tazameni hesabu hii. Bolti yenye unene wa milimita 12, ikikazwa kwa nguvu ya kawaida ya nyutoni-mita 80, huweza kuvuta kwa nguvu ya kadiri tani 3. Nguvu hiyo yote ikiangukia mafuta yaliyo chini ya bolti, bloki ya chuma cha kusubu haiwezi kuistahimili. Chuma cha kusubu ni kigumu, lakini hakipindi, kikizidiwa hupasuka.

Wala haihitaji mafuta mengi. Ikiwa chini ya bolti imebaki nafasi ya milimita 10 tu, nafasi ile huchukua mililita 1 hivi. Kijiko cha chai huchukua mililita 5. Basi sehemu moja ya tano ya kijiko cha chai yatosha kuijaza, na kila tone linalozidi lakosa pa kwenda.

KWA NINI UCHAFU MKAVU NI HATARI PIA

Yuko atakayesema, "Mimi tundu langu halina mafuta, lina kutu na mchanga tu." Huyu naye asifurahi.

Fundi akikaza bolti hupima kwa spana ya kupimia, ambayo mafundi huiita toki. Lakini spana ile haipimi jinsi hedi ilivyobanwa. Hupima ugumu wa kuzungusha bolti tu. Hata katika bolti safi, ukigawa nguvu ya mkono katika mafungu 100, kadiri ya mafungu 50 hupotea kwa msuguano chini ya kichwa cha bolti, na 40 hupotea katika hesi, yaani yale meno ya mzunguko ambayo mafundi wengi huyaita thredi. Mafungu 10 tu ndiyo yanayobana hedi.

Sasa hesi ikijaa kutu na mchanga, msuguano waongezeka. Spana yasema, "Tayari, imekaza," kumbe hedi haijabanwa sawasawa. Injini ikipata moto, moshi na maji hupenya mahali pale palipolegea, na gasketi mpya huungua tena baada ya muda mfupi. Mwenye mashini humlaumu muuza gasketi, hali kosa limo tunduni.

Tena uchafu ukijaa chini ya tundu, bolti hugonga uchafu kabla haijaibana hedi. Hapo pia spana yadanganya.

Sisi watu wa pwani twapaswa kuangalia zaidi, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huzidisha kutu. Nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilichoizaa. Ndiyo maana bolti iliyokaa miaka mingi karibu na bahari hushikwa kwa nguvu ndani ya tundu lake.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Havitakiwi vyombo vya gharama nyingi. Tayarisheni hivi:

1. Waya mwembamba ulionyoka, wa kupimia kina na kuchokolea.
2. Brashi ndogo ya waya iwezayo kuingia tunduni.
3. Matambara safi meupe na vijiti vyembamba vya mwanzi.
4. Tochi. Tochi ya simu pia yafaa.
5. Mafuta ya taa kidogo, na mafuta ya kulegeza kutu.
6. Bomba la sindano, la kunyonyea mafuta na maji.
7. Sumaku ndogo, na grisi kidogo.
8. Bolti kuukuu ya namna ile ile iliyotoka katika injini.
9. Miwani ya kukinga macho.

Mwenye kuweza kuazima kompresa ya upepo atafanya kazi upesi zaidi, lakini asiye nayo asikate tamaa.

KAZI YENYEWE

Kwanza, linda injini. Ziba midomo ya silinda, na njia za maji na mafuta, kwa matambara safi. Hesabu matambara unapoyaweka, uyahesabu tena unapoyatoa. Tambara moja likisahauliwa ndani ya njia ya mafuta litaua injini.

Pili, pima kila tundu. Ingiza waya mpaka chini, weka alama kwa kidole, kisha upime. Andika kina cha kila tundu. Kama matundu tisa yana milimita 36 na la kumi lina 28, hilo la kumi huenda lina kitu ndani. Lakini yako matundu yaliyotengenezwa marefu na mafupi, basi usihukumu kabla hujachungulia kwa tochi. Vilevile angalia kama yako matundu yasiyofungwa chini, yaliyotobolewa mpaka kwenye njia ya maji. Hayo yawekee alama ya chaki, tutayarudia mwishoni.

Tatu, nyonya mafuta na maji yaliyomo kwa bomba la sindano. Yanayobaki yakaushe kwa tambara lililozungushwa kwenye kijiti.

Nne, toa uchafu mkavu kabla ya kutia dawa yoyote. Ukimwaga mafuta ya taa juu ya mchanga na kutu, utapata tope linaloshuka chini na kukaa. Chokoa kwanza kwa waya, upige brashi, kisha uvute uchafu juu. Vipande vya chuma vitoe kwa sumaku. Mchanga, vipande vya gasketi na aluminiamu havishikwi na sumaku. Paka grisi kwenye ncha ya kijiti, uvigandishe na kuvitoa.

Ukitumia upepo wa kompresa, vaa miwani, funika mdomo wa tundu kwa tambara, na waambie watoto wasimame mbali. Uchafu hutoka tunduni kwa kasi, na jicho halina vipuri.

Twaonya kwa mkazo: msitumie kabisa gesi ya oksijeni ya wachomeleaji kupulizia matundu, ati kwa kuwa kompresa haipo. Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta au grisi huweza kuwaka na kulipuka, nayo imekwisha kuua watu.

Tano, uchafu uliogandama ulainishwe. Tia matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu, uache muda wa saa kadhaa, au usiku kucha ukiweza. Kisha chokoa tena. Msitie maji ya betri; asidi hula chuma kizuri pamoja na kutu. Wala msipige tindo ndani ya tundu, kwani mtaharibu hesi.

KUSAFISHA HESI

Hapa ndipo wengi hukosea. Huchukua tapu mpya, yaani chombo cha kukatia hesi, na kuizungusha ndani ya tundu. Tapu imetengenezwa kukata chuma. Ikiingia katika hesi ya zamani huweza kula chuma kizuri, na bolti ikabaki imelegea. Tundu la kale lataka kusafishwa, si kukatwa upya.

Chombo cha kusafishia mwaweza kujitengenezea. Shikeni ile bolti kuukuu katika jiliwa. Kwa msumeno wa chuma, kateni mifereji mitatu au minne kwa urefu, kuanzia ncha mpaka hesi inapoishia. Kisha pigeni tupa nyembamba kuondoa makali yaliyobaki kandokando ya mifereji. Mifereji ile itachukua uchafu. Lakini bolti hiyo isirudishwe tena kubana hedi. Kazi yake sasa ni kusafisha tu.

Paka grisi kidogo katika mifereji, uiingize kwa vidole. Ikikaza, tumia spana ndogo: nusu mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma. Itoe mara kwa mara, uifute, uirudishe. Ukiona imekataa, usiilazimishe. Itoe, tia mafuta ya kulegeza, ungoje. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka huvunja bolti.

ANGALIENI HESI ZISIFANANISHWE

Bolti mbili zaweza kuonekana sawa kwa macho, kumbe si sawa. Injini nyingi za kale kutoka Uingereza zilikuwa na hesi ya Whitworth, iliyowekwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Meno yake yana pembe ya digrii 55. Hesi za milimita zinazotumika katika injini nyingi za siku hizi zina pembe ya digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika inchi moja, lakini ya nusu inchi ya namna ya Kimarekani yenye meno makubwa ina meno 13. Mwenye kulazimisha hii ndani ya tundu la ile ataharibu tundu.

Wengi wetu twakumbuka injini za Lister zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, na kuzungusha mashini za kusaga katika Afrika ya Mashariki. Mwenye injini ya kale ya namna hiyo asichukue bolti ya dukani kwa kukisia. Aende na ile ya asili mkononi, aipime sawasawa.

BOLTI IKIVUNJIKA NDANI

Pengine kinachoziba tundu si uchafu, bali ni kipande cha bolti iliyovunjika. Kama kimechomoza juu kidogo, mchomeleaji hodari aweza kuchomelea nati juu yake, na ule moto husaidia kulegeza kutu. Ikiisha kupoa kidogo, huzungushwa polepole kwa spana.

Kama kimevunjika ndani, kazi ni ngumu zaidi. Hugongwa alama katikati kabisa, kisha hutobolewa kwa drili nyembamba, na baadaye kwa iliyo nene kidogo. Drili ikienda upande hukata ukuta wa tundu. Iko drili inayokata kwa kuzunguka kushoto, nayo ni nzuri, kwa kuwa mara nyingine hukifungua kipande inapotoboa. Lakini ile parafujo ngumu ya kutolea bolti isizungushwe kwa nguvu nyingi. Ikivunjika ndani, drili ya kawaida haiiwezi, maana chuma chake ni kigumu sana.

Asiye na mazoea ya kazi hii asijaribu kwa mara ya kwanza juu ya injini yake. Apeleke bloki kwa fundi wa mashini mwenye vyombo kamili. Gharama ya kutoa bolti moja ni ndogo kuliko gharama ya bloki.

KUHAKIKISHA

Ukimaliza, osha kila tundu kwa mafuta ya taa kidogo, unyonye, kisha ukaushe kabisa. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Ingiza kijiti chenye tambara jeupe. Kikitoka na weusi au unyevu, kazi haijaisha.

Kisha chukua bolti ya kurudishia na uiingize kwa vidole peke yake. Yapasa ishuke mpaka mwisho bila spana.

Mwisho pima kina. Tuseme bolti ina urefu wa milimita 105 chini ya kichwa, na hedi, gasketi na washa pamoja zina milimita 75. Basi milimita 30 zitaingia katika bloki. Tundu na hesi yake viwe na kina kinachozidi 30. Ukipata 28, bado kuna kitu chini, au bolti si yake.

KURUDISHA HEDI

Someni kitabu cha injini. Kikisema hesi ipakwe mafuta, pakeni kidogo kwenye bolti, wala msimimine tunduni. Injini nyingine zina bolti zinazotumika mara moja tu, kwa kuwa hurefuka zikikazwa. Hizo zinunuliwe mpya.

Yale matundu ya alama ya chaki, yaliyo wazi mpaka kwenye njia ya maji, bolti zake zipakwe dawa ya kuzuia maji, la sivyo maji yatapanda kwa njia ya hesi. Na kwa kuwa uchafu mwingine huenda umeangukia humo, njia ya maji isukutuliwe kwa maji safi.

Kazeni bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa zamu, kama kitabu kinavyoagiza. Kama kitabu kinataka nyutoni-mita 80, na hakikutoa hatua nyingine, anzeni na 30, mwende 60, kisha 80.

Bloki ikibidi kungoja vipuri kwa siku nyingi bila hedi, pakeni matundu mafuta mepesi na kuyaziba kwa vijiti, msije mkakuta kutu mpya. Lakini kumbukeni kuyakausha tena kabla ya kufunga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mafuta yaliyo chini ya bolti ni hatari kuliko hewa?
2. Kwa nini spana ya kupimia yaweza kudanganya?
3. Kwa nini uchafu mkavu hutolewa kabla ya kutia mafuta ya taa?
4. Mifereji ya bolti ya kusafishia yafanya kazi gani?
5. Ni kitu gani kisichotumiwa kamwe kupulizia matundu?

Anayeweza kujibu maswali haya aweza kusimama kando ya fundi wake na kuuliza sawasawa, kama alivyouliza yule mama katika mfano wetu. Swali lake lilikuwa la haki, ila hakuwa na la kuongeza alipojibiwa vibaya. Ninyi sasa mnalo. Mwambieni fundi asubiri, yakaushwe matundu kwanza. Kazi hiyo huchukua nusu siku tu. Husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini bloki ikipasuka si rahisi kuikandika kama ukuta wa udongo. Ifanyeni kazi hii mapema, kabla ya kaskazi kuanza, ili jua litakapokuwa kali pampu iwe tayari na maji yafike shambani.